Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za Bukavu: mvua ya mawe, radi na kengele ya rekreasyo

Kwa wakuu wa elimu ya msingi na sekondari mjini Bukavu, kwa waratibu wa shule za makanisa, kwa maprefe na madirekta wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na kwa kamati za wazazi.

Waheshimiwa,

Mvua ya mawe ikianguka Bukavu saa saba mchana, kila shule hufanya lake. Moja inafungua milango na watoto wanamwagika uwanjani na vikombe, kofia na mikono mitupu kuokota barafu. Nyingine inafunga madirisha, na mwalimu anasimama mlangoni na fimbo. Ya tatu inapiga kengele ya mwisho na kuwaambia watoto wakimbie nyumbani kabla njia haijaharibika. Shule hizo tatu zinaweza kuwa kwenye barabara moja, na watoto wake wakawa ndugu wa tumbo moja. Hakuna karatasi inayosema ni ipi iliyofanya vema. Barua hii inaomba karatasi hiyo iandikwe, na inaeleza nini kiwe ndani yake na kwa sababu gani.

Tunaoandika ni walimu wa fizikia, mafundi umeme na mafundi wa kuezeka. Sehemu kubwa ya tunayoyaomba haigharimu hata kipande cha chaki. Sehemu nyingine inadai chuma, kokoto na koleo, na hapo tumeweka vipimo ili fundi yeyote aweze kuvifuata au kuvipinga.

Tuanze na theluji, maana watoto wetu wanaiona kwenye simu na kuuliza mbona wenzao wanaruhusiwa kuichezea shuleni. Wanaruhusiwa kwa sababu kuna mstari unaojulikana. Shule nyingi za Kanada huwatoa watoto nje kila rekreasyo, yaani mapumziko ya kucheza, theluji iwepo isiwepo, mpaka baridi inayohisiwa na ngozi, yaani ikihesabiwa pamoja na upepo, ikaribie nyuzi 27 au 28 chini ya sifuri. Nambari hiyo haikutoka hewani. Wataalamu wa hali ya hewa wa nchi hiyo wanaeleza kwamba kati ya nyuzi 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Rekreasyo ni robo saa, basi hesabu inajieleza. Juu ya mstari huo mtoto anavaa suruali nene, buti, glavu na kofia, anatoka. Chini ya mstari, anachezea ndani. Shule nyingi pia zinakataza kurushiana mabonge ya theluji, kwa kuwa bonge lililogandamizwa likawa barafu linaweza kuumiza jicho. Lakini kulima theluji, kuviringisha, kujenga, kuteleza mahali palipotengwa, ruksa. Mzazi anajua mstari uko wapi, mwalimu wa zamu anaujua, na mtoto wa miaka saba anaujua. Hakuna anayepima siku hiyo mwalimu ameamka na moyo gani.

Sisi hatuna theluji. Ya Kongo iko mbali, kwenye vilele vya Rwenzori, mita 5,109 juu ya bahari, na hata hiyo inazidi kupungua. Tulicho nacho ni radi. Watafiti walipohesabu miale ya radi duniani kwa chombo kilichokuwa kwenye setilaiti ya TRMM, kwa vipimo vya mwaka 1998 hadi 2013, Ziwa Maracaibo la Venezuela lilitoka la kwanza. Mahali pa pili palikuwa Kabare: miale 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kila mwaka. Sake, upande wa Goma, ilikuwa ya tano. Zote mbili ziko mashariki mwa Kongo, huku kwetu. Kwa hiyo, tunapodai kanuni ya radi shuleni Bukavu, tunadai kitu cha kawaida kabisa, kama vile Kanada kudai kanuni ya baridi.

Mvua ya mawe nayo ina sababu yake ya kutupenda. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Katika nchi za ikweta hewa hufikia sifuri kwenye mita 4,500 hadi 5,000. Punje ya barafu inayoshuka Bukavu inapita kilomita tatu hivi za hewa ya joto kabla ya kugonga bati. Inayoshuka Kindu au Kinshasa inapita kilomita nne au zaidi, na mara nyingi inafika ikiwa tone la maji tu.

Sasa tufike penye kiini. Watu wazima wengi hudhani hatari ya mvua ya mawe ni mawe yenyewe. Punje zisizofika sentimita 2.5 huanguka kwa kasi ya kilomita 15 hadi 40 kwa saa. Zinauma, zinaweza kuumiza jicho, lakini mtoto akijifunika kichwa anapona. Hatari kubwa iko katika namna punje hizo zinavyozaliwa. Ndani ya wingu, punje nzito za barafu laini hugongana na fuwele ndogo za barafu zinazopandishwa na upepo. Katika kugongana huko nzito hubaki na chaji hasi, ndogo hupanda na chaji chanya, na wingu linakuwa na juu chanya na kati hasi. Barafu ile ile inayowafurahisha watoto ndiyo inayolijaza wingu umeme. Dakika ile uwanja umekuwa mweupe na darasa zima linapiga kelele za furaha ndiyo dakika ambayo mlango haupaswi kufunguliwa kabisa.

Kwa hiyo mstari wetu si wa nyuzi za baridi. Ni wa sikio. Ngurumo ikisikika hata mara moja, hata kwa mbali, hata jua likiwa bado linawaka, watoto wote waingie. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mmweko na mngurumo ni kilomita moja, na sekunde 30 ni kilomita 10. Radi ina uwezo wa kupiga umbali wa kilomita 10 na zaidi kutoka pale mvua inapoanguka. Vitabu vingi hufundisha kuhesabu sekunde hizo kwanza. Kwa Bukavu hatushauri mwalimu apoteze muda huo: milima inaficha mmweko, pikipiki zinameza ngurumo, na ikishafika kusikika katikati ya kelele hizo, tayari iko karibu vya kutosha.

Kutoka nako kuna mstari: dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia tena dakika ya 25, hesabu inaanza upya, na hapa ndipo shule hushindwa, kwa sababu kila mwalimu anahesabu kichwani mwake na kila mmoja anapata jibu lake. Mtu mmoja awe mhesabu. Akae kwenye veranda ya ofisi na ubao mdogo, na kila ngurumo ikilia afute na kuandika saa mpya: «saa saba na dakika 12». Anayetaka kujua asome.

Kengele ni tatizo ambalo halionekani mpaka uelekezwe. Katika shule nyingi kengele ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi la mti katikati ya uwanja, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Radi inapokaribia, tunamtuma mwanafunzi mmoja asimame chini ya mti, chuma mkononi, ili awaokoe wenzake. Ishara ya radi iwe filimbi, mipulizo mitatu mirefu, kutoka verandani. Ringi iachwe kwa siku za jua.

Mlingoti wa bendera vilevile. Ni kitu kirefu kuliko vyote uwanjani, mara nyingi bomba la chuma, na watoto wamezoea kujipanga kuuzunguka. Ngurumo ikilia wakati wa kupandisha au kushusha, wimbo ukatishwe na watu waingie; bendera ishushwe baadaye. Kitambaa kikilowa taifa halijadharauliwa.

Tuseme wazi na jambo la adhabu. Mtoto anayepigishwa magoti uwanjani, anayetumwa kuchota maji, au anayefukuzwa kwenda kuleta minervali, yaani karo, huku mawingu yanajikusanya upande wa Kabare, amewekwa nje na mtu mzima kwa uamuzi. Tunaomba karatasi ikataze hayo matatu kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili. Ikataze pia kuwarudisha watoto nyumbani tufani ikiwa juu. Shule nyingi zina zamu ya mchana, na ngurumo za Kivu hupenda mchana na jioni, kwa hiyo watoto wa zamu hiyo ndio wanaokutana nazo zaidi. Wakiachiwa katikati ya mvua, wanashuka ngazi na mitelemko ya Kadutu pamoja na maji. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Wabaki shuleni, hata ikifika saa kumi na mbili. Wazazi waambiwe mapema, mwezi Septemba, kwamba kuchelewa siku ya radi ni kanuni, ili asije mmoja getini kugombana na mlinzi.

Haya yote yanasema «ndani», na ndani ni wapi? Hapa ndipo barua hii inakuwa ngumu, na ndipo tunapowaomba muwe na subira na vipimo.

Mwezi Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Wanafunzi 18 walikufa. Hawakuwa uwanjani, walikuwa darasani. Baadaye shule hiyo iliwekewa kinga ya radi. Darasa la mbao au la matofali yasiyochomwa, lenye paa la bati na sakafu ya udongo, linamlinda mtoto na maji, si na radi. Radi ikigonga bati inatafuta njia ya kwenda ardhini, na ikikosa chuma cha kuifuata inarukia kilicho karibu: fremu ya dirisha, ukuta uliolowa, mwili wa mtoto aliyeegemea. Au inaingia ardhini jirani na kusambaa ikipita chini ya miguu. Takriban nusu ya wanaoumizwa na radi huumizwa na umeme huo wa ardhini, na karibu theluthi moja na ule unaoruka pembeni kutoka kwenye kitu kilichopigwa. Wanaopigwa moja kwa moja ni wachache sana.

Chumba kinachofaa ni kilicho katika jengo la kudumu, lenye nguzo na mikanda ya beto (zege) yenye nondo, waya za umeme na mabomba ndani ya kuta. Shule nyingi za mji zina angalau kimoja: ofisi ya direkta, maktaba, ukumbi wa parokia ya jirani. Kihesabiwe ni watoto wangapi wanaingia wakisimama. Pasipo na chumba hicho, watoto wakae katikati ya darasa, mita moja na zaidi kutoka ukutani na madirisha ya chuma, juu ya madawati ya mbao, miguu ikiwa pamoja na isiguse udongo. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi, na asitokee mtu kuiita kinga. Gari la chuma lililofungwa vioo linafaa pia, kama liko uwanjani. Mti haufai, wala hema la ibada, wala kibanda cha mlinzi.

Kinga yenyewe, ile mafundi wetu wanayoiita paratoneri, inajengwa hivi. Chukueni jengo la madarasa matatu, urefu mita 27, upana 7. Mzunguko wake ni mita 68. Kwa daraja la tatu la kanuni za kimataifa za kinga ya radi, IEC 62305, njia za kushushia radi zinawekwa kila mita 15 hivi, kwa hiyo tano. Sisi tunaweka sita, nne pembeni na mbili katikati ya kuta ndefu. Juu ya mgongo wa paa unapita utepe wa chuma. Bati peke yake halitoshi: kanuni zinataka bati la chuma liwe na unene wa milimita 0.5 angalau ndipo lihesabiwe kuwa sehemu ya kinga, na BG 32 (bati la geji 32) inayoezekwa kila mahali ni robo milimita. Hata BG 28, ambayo wengi huiona ya kifahari, haipiti 0.4.

Utepe tunaopendekeza ni chuma kilichochovywa kwenye zinki, milimita 30 kwa 3.5. Kima cha chini kinachotakiwa ni milimita za mraba 50, na huu una 105. Shaba ni bora kwa vitabu, ila kwa Bukavu shaba iliyo nje ya ukuta huishi wiki chache kabla ya kuuzwa kwa kilo. Tena shaba ikigusana na bati la zinki, zinki inaliwa na bati linatoboka. Chuma basi.

Chini, mtaro wa kulaza utepe unazunguka jengo lote, mita moja kutoka ukutani, kina sentimita 50 angalau. Upande wa bondeni chimbeni 80, maana mvua ya mji huu inachukua udongo na utepe unabaki juu ukichezewa na mbuzi. Mzunguko wa mtaro ni mita 76. Ukijumlisha mgongo wa paa na njia sita za kushuka, andaeni utepe wa mita 160 hivi. Maungio yafungwe kwa boliti mbili za M8, chuma kwa chuma, bila rangi katikati. Utepe usipindwe kwa pembe kali: kona iwe ya mviringo wenye nusu kipenyo cha sentimita 20, kwa sababu radi haipendi kona na itaikata kwa kuruka. Kila njia ya kushuka iwe na kiungo kinachofunguka kwenye urefu wa mita 1.5, ili fundi aweze kupima ukinzani wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Kipimo kizuri ni chini ya ohmu 10, na kipimwe Agosti. Udongo wetu mwekundu ukiwa umelowa Aprili unampa kila fundi alama nzuri.

Njia za kushuka zisiwe karibu na milango. Katika mita tatu kuzizunguka, mwageni kokoto kavu unene wa sentimita 15, ambazo ni mita za ujazo 2 hivi kwa njia ya katikati ya ukuta na 3 hivi kwa njia ya kwenye kona, au zungushieni ua. Bila hilo, mtoto aliyesimama pale na miguu miwili mbalimbali anapokea umeme mguu kwa mguu. Vitu vyote vya chuma vya jengo, fremu, mabomba, antena, ardhi ya umeme wa kawaida, viungwe kwenye mfumo huo huo.

Kwa majengo mapya kuna njia rahisi zaidi, na inatusikitisha kila inapoachwa. Nondo za nguzo zipo tayari. Nondo ya milimita 10 ina milimita za mraba 78. Zikiunganishwa vizuri kutoka msingi hadi mkanda wa juu, na zikiachwa na ncha mbili kila nguzo, moja kwa ajili ya paa na moja kwa ajili ya mtaro, njia za kushuka zimekwisha kujengwa kabla ya kuezeka. Fundi anaongeza nusu siku. Ikishamwagwa beto bila ncha hizo, nafasi imepotea.

Na makosa tunayoyaona kila mara ni haya: fimbo moja ya chuma juu ya paa, waya wa milimita za mraba 6, shimo la sentimita 30 lenye mkaa na chumvi. Chumvi inakula chuma, waya unakatika kwenye kucha za bati, na shule inabaki na fimbo iliyosimama juu bila njia ya kwenda chini. Mradi wa namna hiyo ni afadhali usingefanyika, kwa kuwa unampa direkta usingizi asiostahili.

Kuhusu mapaa na mvua ya mawe yenyewe, machache tu. Mawe hujaza mifereji ya bati na bonde kati ya mapaa mawili, maji yanarudi nyuma chini ya bati na kuishia kwenye madaftari. Safisheni mifereji kabla ya Septemba na tena Februari. Misumari iwe ya kofia pana na juu ya wimbi, si bondeni. Na mawe yakipiga bati hakuna mwalimu atakayesikika. Asilazimishwe kuendelea na somo kwa kupayuka.

Sasa, watoto wacheze lini? Tukisema dakika 30 baada ya ngurumo, mawe mengi yatakuwa yameyeyuka, na mtoto ataona tumemwibia. Hatuna dawa kamili ya hilo. Ila yale yanayomwagika kutoka kwenye paa hukusanyika kwenye malundo chini ya ukingo wa bati, na lundo hudumu kuliko punje zilizotawanyika. Zaidi ya hapo, mawingu yakianza kujikusanya, kabla ya ngurumo yoyote, wekeni mabeseni mawili au matatu uwanjani, mbali na ukingo wa paa. Yatajaa yenyewe bila mtu. Muda ukiisha, waacheni watoto wayachezee, wajenge, warundike, wateleze mahali pasipo mawe ya ardhini. Kurushiana kukatazwe, kwa sababu ile ile ya jicho. Yaliyotoka kwenye paa yasiliwe: yana kutu na mavi ya ndege.

Mwalimu mwenye akili hataacha beseni lile liyeyuke bure. Apime kipenyo cha punje kwa rula. Akate moja katikati kwa kisu chenye moto: mara nyingi kuna tabaka nyeupe na tabaka angavu, dalili kwamba punje iliganda kwa hali tofauti ilipokuwa ikipandishwa na kushushwa. Kijazwe kikombe cha barafu, iyeyuke, waone maji yamefika wapi. Hayo ni masomo matatu ya darasa la tano bila kununua kitu.

Watoto wakirudi ndani wamelowa. Shati jeupe la pamba lililolowa, na upepo wa baada ya mawe, vinatosha kumtetemesha mtoto mdogo mpaka midomo ibadilike rangi. Kwenye nchi za theluji mtoto anawekewa soksi na glavu za akiba shuleni. Kwetu sanduku moja lenye vitenge kumi na sweta kadhaa za mtumba linatosha, lifuliwe kila mwezi. Aliyelowa avuliwe shati, afungwe kitenge kikavu, akae mbali na mlango.

Mvua isiyo na ngurumo ni mvua tu. Msiwafungie kwa sababu yake, ila wawe mbali na makorongo na kuta za kuzuia udongo, ambazo huanguka bila taarifa zikishiba maji.

Akipigwa mtu, kila dakika ina kazi. Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Mguseni mara moja. Wakiwa wengi, wale wanaolia na kujigeuza wanaishi. Kimbilieni kwanza aliye kimya asiyepumua, kinyume na ajali nyingine. Moyo wake umesimama kwa mshtuko, na mara nyingi unaweza kurudishwa. Mlazeni chali mahali pagumu, mkandamize katikati ya kifua kina cha sentimita 5, au theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto mdogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya mikandamizo 30, pumzi mbili, kisha tena, bila kuacha mpaka apumue au mfike hospitali. Mazoezi ya saa moja kwa walimu wote, kila mwanzo wa mwaka, juu ya gunia la nguo, yanatosha kuanzia.

Waheshimiwa, mnajua pia ni nini husemwa baada ya radi. Kwamba imetumwa. Kwamba nguo nyekundu imeiita, kwamba kioo hakikufunikwa, kwamba kuna mzee fulani mtaani. Nguo nyekundu haivuti radi wala kioo, na simu ya mkononi nayo haivuti; ila ikiwa imechomekwa kwenye chaja ukutani, umeme wa radi unaweza kuifikia kwa waya. Shule ikikaa kimya baada ya tukio, maneno yale yanajaza nafasi, na mzee analipa. Tunaomba direkta awe na wajibu wa kueleza mbele ya wazazi, siku hiyo hiyo, radi ilipita wapi na kwa nini. Ajali haina kinga, watu husema. Hii inayo, na vipimo vyake viko hapo juu.

Tunachoomba kifanyike kwanza ni karatasi moja, iliyotiwa sahihi, inayobandikwa kwenye mlango wa kila darasa: filimbi tatu, chumba kipi, dakika 30, nani mhesabu, nani hatumwi nje. Pili, kila shule iandike orodha ya vyumba vyake na kuonyesha kipi kina nondo na kipi hakina. Tatu, hakuna jengo jipya la shule lipokelewe kutoka kwa mjenzi bila ncha za nondo na kipimo cha ardhi. Nne, mwalimu aliyesimamisha somo au mtihani kwa ajili ya ngurumo asiulizwe kwa nini.

Orodha ya vyumba inaweza kuanza Julai, watoto wakiwa likizo. Mitaro nayo ichimbwe Julai na Agosti, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu Septemba shule zinafunguliwa na mvua inafunguliwa nazo. Mkituitia jengo, tunakuja na kamba, vigingi na kipima ardhi. Kokoto na vibarua viwe vya shule.

Kwa heshima,

Walimu wa fizikia, mafundi umeme na mafundi wa kuezeka, Bukavu